Misingi ya Panyatiba: Uainishaji Kamili wa Maradhi ya Panya wa Kufugwa

Mwanafunzi, keti. Zima simu. Toa daftari la kueleweka, kwa sababu taaluma unayoingia leo haiandikwi nyuma ya risiti. Wenzako waliochagua falaki watasoma nyota, ambazo hazipigi chafya. Waliochagua uchumi watasoma fedha, ambazo hazioti uvimbe. Wewe umechagua Panyatiba, taaluma mama, na nyingine zote ni matawi yaliyosahau shina lake. Dai hili sitalitetea. Halipingwi na mtu yeyote makini, na anayelipinga amekwisha kujionyesha kuwa si makini.

1. Fasili za lazima

1.1 *Panyatiba* ni elimu ya kumtazama panya wa kufugwa kwa muda mrefu kuliko familia inavyoweza kuvumilia, kwa lengo la kutambua anaumwa nini.

1.2 *Mhusika* ni panya mwenyewe, yaani *Rattus norvegicus* aliyezaliwa mikononi mwa watu. Jina hilo la kisayansi linamnasibisha na Norwe, ilhali asili yake ni Asia. Kosa hilo limedumu tangu karne ya 18 na Mhusika amelivumilia bila kukata rufaa.

1.3 *Mfugaji* ni kiungo cha nje cha Mhusika, chenye vidole gumba na pochi.

1.4 *Maradhi* ni hali yoyote ya Mhusika inayomnyima Mfugaji usingizi. Kwa fasili hii yapo maradhi halisi na maradhibatili. Anayeyachanganya mawili haya hafai kuaminiwa hata na hamsta.

2. Usuli wa kihistoria

Soma sehemu hii haraka, lakini jua kwamba mtihani utaiuliza.

Katika London ya karne ya 19 aliishi Jack Black, mkamata panya aliyejitambulisha kuwa ni wa Malkia Victoria. Wale aliowakamata wakiwa na rangi zisizo za kawaida hakuwaua, bali aliwazalisha na kuwauza wafugwe ndani. Mwaka 1901 Mary Douglas alikishawishi chama cha Waingereza wafugao vipanya kiwaruhusu panya wakubwa nao kushindanishwa, na mwaka huohuo wakaingia kwenye maonyesho ya Aylesbury. Mwaka 1976 kikaundwa chama chao rasmi, National Fancy Rat Society. Kati ya 1901 na 1976 dunia ilipigana vita vikuu viwili na kufika mwezini, mambo ambayo hayatuhusu.

Hapa atanyoosha mkono mwanafunzi wa Tanzania aulize kuhusu Morogoro. Swali zuri, mkono chini. Panya wanaofunzwa na shirika la APOPO katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu ni panya buku, wa jenasi *Cricetomys*. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia, akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akafariki Januari 2022 akiwa na umri wa miaka minane. Panya hao wanapofanya kazi juani hupakwa masikioni na mkiani mafuta ya kuzuia miale ya jua, huduma ambayo mhadhiri wako hajawahi kupewa na chuo chochote. Hata hivyo panya buku si Mhusika wetu. Ni wa familia nyingine ya kibiolojia na huishi maisha marefu zaidi. Tunampigia saluti na kumwacha mlangoni.

3. Kanuni mbili zinazotawala ulimwengu

3.1 *Kanuni ya Ufichomaradhi.* Porini, panya anayeonyesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo Mhusika huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha zimwishe. Wahenga waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walikuwa, bila shaka yoyote, wafugaji wa panya. Dalili utakayoiona leo ilianza zamani; kilichoanza leo ni wewe kuiona.

3.2 *Kanuni ya Wakatifinyu.* Mhusika huishi miaka miwili hadi mitatu. Miaka miwili ni siku 730. Anayesema "nitampeleka kwa daktari wiki ijayo" ametumia siku saba, takriban asilimia moja ya uhai wote wa mgonjwa. Kwa binadamu wa miaka 70, hiyo ni sawa na kukaa foleni ya hospitali miezi minane. Pigia mstari.

4. Makundi makuu ya maradhi halisi

4.1 Chafyolojia

Chafya ndiyo lango la Panyatiba. Kabla ya aina zake, pokea kanuni ya kuhesabu: chafya tatu zinazofuatana bila pumziko si chafya tatu, ni chafya moja yenye silabi tatu. Mtafiti asiyeiona tofauti hii arudi kidato cha kwanza.

*Aina A: Chafya ya Uhamiaji.* Hutokea Mhusika anapoingia nyumba mpya yenye harufu ngeni. Akiwa mchangamfu na anakula vizuri, hupungua yenyewe katika siku chache au wiki moja hivi.

*Aina B: Chafya ya Mazingira.* Husababishwa na vumbi, manukato, moshi wa sigara, maranda ya msonobari au mwerezi, na hasa amonia itokanayo na mkojo uliolala kizimbani. Mfugaji wa Mombasa au Unguja anayefukiza udi kila Ijumaa ajue kwamba wageni wataisifu nyumba na Mhusika ataikohoa. Tiba yake ni ufagio na dirisha. Maranda yabadilishwe kwa karatasi zilizochanwa au vitambaa safi, na kizimba kisafishwe kabla pua yako haijakukumbusha, kwa kuwa pua ya Mhusika iko sentimita mbili tu kutoka sakafuni.

*Aina C: Chafya ya Ukaazi.* Huyu ndiye mfalme. Kimelea chake ni bakteria *Mycoplasma pulmonis*, ambacho panya wengi mno wa kufugwa wanacho, na kwa kawaida hukipata kwa mama yao wakingali wachanga. Kikishaingia hakihami. Hutulia, kisha huamka pale mwili unapodhoofika kwa uzee, msongo, amonia au ugonjwa mwingine. Daktari huweza kukituliza kwa antibiotiki kama vile doksisaiklini au enrofloksasini, lakini kukifukuza kabisa hawezi. Basi usimuulize daktari "amepona?" Muulize "ametulia?"

*Aina D: Chafya ya Hoja.* Hupigwa Mfugaji anapokuwa katikati ya sentensi. Haina umuhimu wa kitabibu. Umuhimu wake ni wa kifalsafa, nao unajadiliwa katika ngazi ya uzamivu.

Vitendo: mshike Mhusika, weka ubavu wake sikioni mwako, nyamaza. Mapafu mazima hayana la kukuambia. Ukisikia mkoromo, mluzi au mchakacho, andika tarehe, piga simu kwa daktari. Panya hupumua kwa pua. Ukimwona amefungua mdomo kutafuta hewa huku mbavu zikipanda na kushuka kwa nguvu, hilo si somo tena, ni dharura ya usiku huohuo.

4.2 Machozimekundu

Mfugaji mchanga huamka asubuhi, anaona wekundu kandokando ya jicho na puani mwa Mhusika, anapiga ukwenzi kwamba mnyama anavuja damu. Si damu. Ni pofirini, rangi inayotolewa na tezi ya Harder iliyo nyuma ya jicho. Ukitaka ushahidi, azima ile taa ya dukani ya kukagulia noti bandia: chini ya miale yake pofirini hung'aa kwa wekundu. Mwenye duka akikuuliza unaipeleka wapi, mjibu kwamba ni kwa manufaa ya sayansi, kisha uondoke kabla hajauliza la pili.

Daraja la I: ukoko kidogo baada ya usingizi. Tunausamehe. Daraja la II: wekundu unaorudi kila siku. Mhusika ana msongo, anapigwa na mwenzake, au ugonjwa umeanza kimyakimya. Daraja la III: wekundu umetapakaa mpaka ndani ya vifundo vya mikono ya mbele, alipojifutia, na manyoya yamesimama. Huyu ameacha kujitunza, na panya aliyeacha kujitunza anaumwa sana, kwa sababu panya mzima hutumia sehemu kubwa zaidi ya saa zake za kuwa macho akijisafisha kuliko mwanafunzi yeyote wa darasa hili.

4.3 Uvimbelojia

Jike ana chuchu 12, na tishu ya matiti yake imeenea kutoka shingoni hadi kinenani. Ndiyo maana uvimbe wa titi huweza kuchomoza mahali ambapo hukutarajia titi: chini ya kidevu, kwapani, au nyuma ya bega. Nyingi ya vimbe hizi kwa majike si saratani. Lakini usishangilie mapema, kwa kuwa uvimbe usio saratani nao huendelea kukua mpaka Mhusika ashindwe kutembea.

Wasio wasomi hupima kwa rula. Sisi tunatumia Kipimo cha Sokoni: Kunde, Karanga, Ndimu. Kwenye Kunde, unamwona daktari. Kwenye Karanga, daktari anapasua kwa urahisi. Kwenye Ndimu, daktari anakuuliza ulikuwa wapi.

Usichanganye uvimbe na jipu. Jipu huja ghafla, mara nyingi baada ya ugomvi, lina joto na linauma. Uvimbe wa titi mara nyingi huteleza chini ya ngozi ukiusukuma kwa kidole, na kwa kawaida Mhusika hajali kuguswa. Majike waliotolewa ovari mapema hupata vimbe hizi kwa uchache. Na kumbuka jambo linalompandisha hadhi Mhusika mbele ya wanyama wengi: panya hawezi kutapika. Kwa hiyo hafungishwi njaa kabla ya upasuaji. Wewe ulale bila chakula, yeye apate kifungua kinywa.

Kasoro hiyohiyo ya kutotapika ina upande wa pili. Chakula kinachonata, kama siagi ya karanga tupu iliyochotwa kwa kijiko, humkaba, na hana njia nzuri ya kukirudisha. Mpakie kidogo tu, tena kwenye mkate.

4.4 Nyayolojia

Geuza Mhusika, tazama nyayo za nyuma. Zikiwa laini na za waridi, mrudishe. Ukikuta wekundu, kisha sugu, kisha kidonda kilichovimba chenye ukoko kisiginoni, umekutana na Nyayojeraha. Chanzo ni sakafu ya waya, uchafu, na uzito uliopindukia. Bakteria huingia pale ngozi ilipochoka. Wanafunzi hupenda kubishana kama kosa ni la waya au la unene. Mimi nimeigawa lawama: waya mchana, unene usiku. Funika waya kwa kitambaa, punguza mbegu za alizeti, mwite daktari kabla kidonda hakijachimba.

4.5 Menolojia

Mhusika ana meno 16: manne ya mbele na magego 12. Chonge hana, na hajazihitaji. Yale ya mbele hukua maisha yote, na husagana yenyewe kwa yenyewe yakakaa sawa. Yasipokutana vizuri, huendelea kukua kama kawaida yao, ila sasa kuelekea mahali pabaya: juu kwenye kaakaa au nje ya mdomo. Dalili ni mate, kuangusha chakula na kukonda. Yakatwe na daktari. Mfugaji anayekimbilia mkasi wa kucha afungiwe nje ya maktaba.

4.6 Manyoyalojia

Panya anayejikuna mpaka akatoka vigaga mabegani na shingoni ana utitiri au chawa mpaka ithibitike vinginevyo, na wote katika kizimba watibiwe pamoja, pamoja na yule anayejidai hajikuni.

Lakini upo upara usio na kigaga, usio na mwasho, uliokatwa nadhifu. Huu ni Unyolewaji. Mwenzake mmoja ndiye kinyozi, na masharubu ndiyo huanza kuondoka. Mbinu ya kumbaini mhalifu ni hii: wapange wote mstari mmoja, tafuta mwenye masharubu kamili. Huyo ndiye. Hakuna aliyemnyoa kwa sababu wembe ni wake.

4.7 Uzeenyuma

Panya wakizeeka, hasa madume, miguu ya nyuma huanza kulegea, kwanza kwa kuburuta vidole, kisha nyonga nzima. Akili hubaki timamu na hamu ya kula haipungui. Shusha maji na chakula, ondoa ngazi, mwekee sakafu laini, msafishe mahali ambapo hafiki tena.

Tofautisha hali hii na jamaa zake wawili. Kichwa kilichoinama upande mmoja huku Mhusika akizunguka duara, mara nyingi ni maambukizi ya sikio la ndani, na yakiwahiwa hutibika. Mhusika anayeshindwa kushika chakula kwa mikono ya mbele, hasa jike mzee, huenda ana uvimbe kwenye tezi ya pituitari ndani ya kichwa. Jaribio lake ni rahisi: mpe punje ya mahindi ya kuchemsha. Mzima huishika kwa mikono yote miwili na kukaa nayo wima. Mgonjwa huisukuma sakafuni kwa pua, akiitazama.

5. Maradhibatili

Yafuatayo si maradhi halisi, na atakayemwamsha daktari usiku kwa ajili yake atatozwa alama tano.

(a) *Meno ya njano.* Meno ya mbele ya panya mzima ni ya njano hadi chungwa. Usimpigie mswaki.

(b) *Machokodo.* Mhusika anasaga meno na macho yanatoka nje na kuingia kwa kasi. Msuli wa taya hupita nyuma ya jicho, hivyo taya likitikisika haraka jicho nalo hutikisika. Mara nyingi maana yake ni raha. Hana shida, anakupenda, na hiyo ni mada ya kozi nyingine.

(c) *Ngozi ya chungwa ya dume.* Ni mafuta ya asili ya mwili wake. Dume huyachukulia kama pambo.

(d) *Kula mavi yake.* Hupata lishe iliyobaki. Geuza uso ikibidi.

6. Ainisho la wafugaji

Kuna *Mngojaji*, anayesema "tumtazame kwanza". Amemtazama mpaka Ndimu. Kuna *Mfamasia wa Kabatini*, anayegawa kidonge chake mwenyewe kwa mnyama wa gramu 300 kwa kukadiria kwa kisu cha jikoni. Na kuna *Mtaharuki*, anayempeleka Mhusika kwa daktari kwa sababu ya ngozi ya chungwa. Wa tatu ni kero kwa kliniki, lakini kwa takwimu au bila takwimu, panya wake ndiye mwenye bahati kuliko wote.

7. Maagizo ya mwisho

Nunua mizani ya jikoni. Pima uzito kila wiki, siku ileile, na uandike. Dume mzima mara nyingi huwa kati ya gramu 450 na 650, jike kati ya 250 na 450, lakini namba inayotuhusu ni ile ya wiki iliyopita. Uzito hupungua kabla ya dalili nyingi kuonekana, na ni kitu kimoja ambacho Mhusika hajajifunza kuficha.

Fuga wawili au zaidi, wa jinsia moja. Utaambiwa kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Methali hiyo ilihusu uchimbaji. Hapa tunazungumzia afya, na panya mpweke huugua kwa upweke.

Mtafute daktari wa mifugo leo, kabla hujamhitaji, na umuulize kwa simu kama anatibu panya. Usishangae akicheka, subiri amalize, uliza tena. Wala usiingie duka la dawa za mifugo ukaomba dawa ya panya. Muuzaji atakupa papo hapo, bila cheti, kwa bei nafuu, na hutahitaji kurudi.

Hukumu ya taaluma yetu ni hii: panya aliyepelekwa kwa daktari bure amemgharimu mfugaji nauli na aibu kidogo mbele ya wenye ng'ombe. Panya aliyecheleweshwa amelipa yeye mwenyewe. Jaribio la kwanza ni Jumatatu. Njoo na mizani, na uje na panya, si picha yake.